Kidimbwi cha Chumvi Hakikosi Klorini

Waswahili huonyana wasiuziwe mbuzi guniani. Siku hizi gunia lenyewe hushonwa kwa maneno. Wenye nyumba zilizo na vidimbwi vya kuogelea hushawishiwa kununua mtambo wa chumvi kwa ahadi kwamba watoto wao wataogelea katika maji yasiyo na klorini. Mimi si fundi wa vidimbwi. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, naona kwamba kosa hili limeanzia katika lugha kabla ya kufika majini.

Tuchukue mfano wa "kikombe cha chai". Huenda ni kikombe kilichojaa chai, au ni kikombe cha kunywea chai, hata kikiwa kitupu. Neno "cha" halituambii uhusiano uliopo. Sisi ndio tuukisiao. Vivyo hivyo, asikiapo "kidimbwi cha chumvi", mnunuzi hukisia kwamba chumvi ndiyo isafishayo maji. La hasha! Chumvi ni malighafi tu. Maji hupitishwa baina ya mabamba ya titani yenye umeme, na klorini ikazalishwa papo hapo. Klorini hiyo ndiyo iuayo vijidudu, sawasawa na ile inunuliwayo dukani kwa ndoo.

Sisemi kwamba mtambo huo haufai. Maji yake huwa na gramu 3 hadi 4 za chumvi kwa kila lita, ilhali bahari ina gramu 35 hivi. Kwa hiyo hayaudhi ulimi wala ngozi. Mwenye nyumba naye huepukana na kazi ya kuhifadhi na kupima dawa kali kila mara.

Lakini kabla ya kutoa fedha, inafaa apige hesabu. Kidimbwi chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba lita 48,000. Kikitiwa gramu 3.5 kwa lita, kitahitaji kilo 168 za chumvi. Na aulize mtambo huzalisha gramu ngapi za klorini kwa saa, kisha achague wenye uwezo unaozidi kidogo mahitaji yake. Akumbuke pia kwamba mabamba huchakaa na kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, kwamba chumvi hula vyuma, na kwamba maji ya kusafishia chujio yakimwagwa bustanini hudhuru mimea. Zaidi ya yote, umeme ukikatika, pampu husimama na klorini haizalishwi.

Hapo ndipo jina linapoweza kuleta madhara. Aliyeambiwa kwamba maji yake hayana klorini ataona hana haja ya kuipima. Stima ikipotea siku mbili juani, maji yataendelea kung'aa huku kinga imekwisha, na watoto watajitosa humo. Inapasa klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Mtambo huu huelekea kuipandisha pH, na pH ikipanda mno klorini hupungukiwa nguvu. Vifaa vya kupimia ni vya bei nafuu. Uhai wa mtoto hauna bei.

Walimu wenzangu, hapa pana somo la Kiswahili na la kemia kwa pamoja. Mwanafunzi anayeweza kuuliza "cha" hii ina maana gani atakuwa mgumu kuhadaika, awe mbele ya mwenye duka au mbele ya mwanasiasa. Nami napendekeza tuseme "kidimbwi cha klorini itokanayo na chumvi". Ni jina refu, nakiri, lakini afadhali urefu unaoeleza kuliko ufupi unaoficha.