Fundi Hakutuibia

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Hirbadaw nikakuta betri ya sola imekufa, ya pili hiyo. Baba alikuwa ameshaamua: anauza ndama, ananunua nyingine kubwa zaidi, na kwa fundi yule harudi tena. Mdogo wangu yuko Kidato cha Nne, kwa hiyo giza la saa mbili usiku kwetu si jambo la kuchekea. Nikaomba kwanza kalamu.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Paneli yetu ni ya wati 50. Tukikadiria masaa matano ya jua kali kwa siku, tunavuna wati-saa 250. Sasa matumizi: taa tatu za wati 5 kwa masaa matano ni 75, na televisheni ya wati 50 kwa masaa hayo hayo ni 250. Jumla 325. Yaani kila siku tulikuwa tunatoa kuliko tunavyoweka, na hapo sijagusa simu za majirani. Betri zile za risasi na asidi zikikaa muda mrefu bila kujaa, sahani zake hufunikwa na chembe ngumu, na uwezo wa kushika chaji unapotea moja kwa moja. Fundi wa watu hana kosa. Betri iliuawa na tamthilia.

Nchi nayo ina hesabu hiyo hiyo. Umeme wa gridi hutumika pale pale unapozalishwa. Ukiutaka baadaye, lazima uuweke kwa umbo jingine. Sisi tunauweka kama maji. Bwawa la Mtera lilipokamilika mwaka 1980 lilikuwa ghala tu, la kutunza maji kwa ajili ya mitambo ya Kidatu huko chini. Mitambo yake lenyewe, megawati 80, ilikuja 1988. Leo Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115.

Unguja hawana ghala la namna hiyo. Umeme wao unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Njia hiyo ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Maji yamewazunguka pande zote, lakini hayana pa kuporomokea.

Ndiyo maana huwa nabishana na wenzangu pale kantini wanaosema, tukiwa na Rufiji, sola ya nini? Jamani, mwaka 2006 ukame ulitupa mgao, na mabwawa tulikuwa nayo. Jua likibeba mzigo mchana, kama unavyokusudiwa mradi wa Kishapu kule Shinyanga, mitambo ya maji inapunguzwa na maji yanabaki bwawani yakingoja jioni, wakati kila nyumba inawasha taa. Sola na bwawa havigombani. Moja inaweka, jingine linatunza.

Ndama aliuzwa hata hivyo. Ila badala ya betri kubwa, tulinunua ya ukubwa ule ule na paneli ya pili ya wati 50.

"Na siku ya mawingu?" Baba akauliza.

Siku ya mawingu televisheni inazimwa baada ya taarifa ya habari. Rimoti anakaa nayo Mama.