UKIAMBIWA "RUDI SAA TISA" MJINI NAIROBI

Wengi wetu hatuendi Nairobi kutembea. Twaenda kwa ajili ya hati ya shamba, au mgonjwa wetu amelazwa, au mtoto ana karatasi za kugongwa muhuri. Twafika alfajiri macho yakiwa mazito, twapanga mstari, na zamu yetu ikifika karani wa dirishani asema, "Rudi saa tisa." Basi, wafanya nini mpaka saa tisa? Wengi huketi juu ya mizigo yao kwenye stesheni ya basi, wakila ndizi na kuwaogopa wezi. Wengine hulitazama jumba la mikutano la KICC mpaka shingo ikauma, kisha wakirudi nyumbani hueleza kwamba Nairobi ni magari na watu tu.

La, sivyo. Mji huu una mambo mengi ya kutazama, na mengine hayadai hata senti moja. Nitawaeleza niliyoyaona siku nilipomsindikiza mzee mmoja wa parokia yetu, mtu wa miaka zaidi ya 80, ambaye shamba lake lilikuwa na kesi ya mpaka. Tuliambiwa maneno hayo hayo ya saa tisa. Mzee akanitazama, akasema, "Karani, miguu ninayo. Nionyeshe mji."

Tulianzia kwenye stesheni ya reli, maana mji wenyewe ulianzia huko. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilifika hapa, nyika yenye maji maji ambayo Wamasai waliiita kwa jina la maji baridi, na mafundi wakaweka kambi yao. Karibu na stesheni pana jumba la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka 1971. Kiingilio hulipwa, lakini nakuambia hutajuta, hasa ukiwa na watoto. Nje yamesimama magari moshi ya zamani. Moja laitwa Mount Gelai, lenye uzito wa tani zipatazo 250. Na lipo behewa moja ambalo ukilitazama bila kuambiwa habari zake waweza kulipita.

Mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, palikuwa na simba mla watu. Afisa wa polisi jina lake Ryall alikuja na Wazungu wenzake wawili, wakalala ndani ya behewa hilo ili wamvizie. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, naye akashikwa na usingizi. Simba akaingia mlangoni, na mlango, kwa kuwa ulikuwa wa kuteleza, ukajifunga nyuma yake. Mwenzao mmoja alikuwa amelala sakafuni, na simba alisimama juu yake. Akamwua Ryall, akamtoa kwa dirisha, akaenda naye. Mzee wangu alisimama hapo kitambo. Mwisho akasema, "Waliokwenda kuvizia ndio walioviziwa," akacheka mpaka akakohoa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi pembe ya Haile Selassie Avenue na Moi Avenue. Pana bustani ndogo mahali palipokuwa na ubalozi wa Marekani, uliopigwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Watu zaidi ya 200 walikufa mjini siku ile, na majina yao yameandikwa ukutani. Tuliyasoma, nikimsomea mzee kwa sauti ndogo. Kazi yangu ni kuandika majina katika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, basi jina lililoandikwa mahali haliwezi kunipita hivi hivi.

Endelea na Moi Avenue mpaka uione nyumba ya mawe yenye nguzo. Ilijengwa mwaka 1906 kuwa benki, na leo ni Nyaraka za Taifa. Maelfu ya watu hupeana miadi mbele yake kila siku, na wasioingia ndani ni wengi mno! Ukumbi wa chini umejaa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya mwaka 1966: vinyago, nguo, mapambo, silaha, vitu vya kazi kutoka pande nyingi za Afrika. Mzee aliona kigoda kama cha baba yake, akataka kukikalia. Ilinibidi nimshike mkono. Kisha kuna chumba cha kusomea, ambapo mwananchi hujiandikisha na kuomba taarifa za zamani za wilaya yake, zilizoandikwa na maafisa wa serikali ya Kiingereza. Ukiwa na kijana aliyesoma, mwambie aende siku moja.

Karibu na hapo amesimama Tom Mboya kwa sanamu iliyowekwa mwaka 2011. Alipigwa risasi katika barabara hii hii tarehe 5 Julai 1969.

Sasa tukaingia Kenyatta Avenue. Magari hupita pande zote, na katikati wako watu watatu wa shaba, waliosimamishwa mwaka 1928. Wapita njia hawawatazami, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewapita mara nyingi. Ni ukumbusho wa Waafrika na Waarabu wa vita vya 1914 hadi 1918, na mmoja wa hao watatu si askari, ni mpagazi. Serikali iliwachukua watu vijijini, hasa mwaka 1917, wakabebe vyakula na risasi za jeshi hadi nchi ambayo sasa ni Tanzania. Walikufa maelfu kwa maelfu, na ugonjwa wa kuhara damu, homa na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Yule Mwenye Heri Irene Stefani, tumwitaye Nyaatha, alihudumu katika hospitali zao huko Voi, Kilwa na Lindi.

Nilipomaliza kumweleza, mzee alivua kofia. Akasema, "Babu yangu alikwenda huko. Alifungwa kamba, akaondoka. Bibi alingoja mpaka akafa." Miaka yote niliyomfahamu sikupata kusikia habari hiyo. Akauliza kama jina la babu liko pale chini. Nikamsomea maandishi ya Kiswahili. Yanawataja wapagazi pamoja na askari, lakini jina la mtu halimo hata moja. Akatikisa kichwa, akavaa kofia yake.

Tulipumzika Jeevanjee Gardens, bustani iliyotolewa kwa umma mwaka 1906 na tajiri Mhindi, Jeevanjee. Mwaka 1991 ilitaka kujengwa majumba, na mjukuu wake, Zarina Patel, akapigana mpaka ikaokoka. Waweza kuketi bure, ule chakula chako, na kusikiliza watu wakibishana. Kama una saa nyingi, panda matatu mpaka City Park huko Parklands, kwenye kaburi la Murumbi, aliyezikwa karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Ila ficha ndizi zako, maana kima wa huko hawaombi.

Saa tisa tulirudi ofisini. Tukaambiwa turudi wiki ijayo.

Mzee hakukasirika kama nilivyotazamia. Alisema kwanza anataka viatu. Basi nikampeleka soko la Kariokor, penye viatu vya ngozi na vikapu vya katani. Kijana muuzaji akataja bei. Mzee akamwuliza, "Unajua kwa nini hapa paitwa Kariokor?" Hakujua. Mzee akamweleza kwamba ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na kwamba jina hilo Wazungu walilitamka hivyo na wazee wakalitamka hivi, na kwamba babu yake alikuwa mmoja wao. Akamtajia na jina lake lote, la ukoo na la baba yake.

Kijana alikaa kimya kidogo. Kisha akampunguzia shilingi 50.