Je, Wajua? Vikwazo vya Kusakinisha Zana za Programu, na Dawa Zake

Wanafunzi wengi wa programu hukata tamaa kabla hawajaandika hata mstari mmoja. Kinachowashinda si hesabu wala mantiki, bali usakinishaji: amri iliyokubali kwenye kompyuta ya rafiki inakataa kwenye yao, na skrini inajaa ujumbe mwekundu. Lakini karibu kila kikwazo cha hatua hiyo kina historia yake, na kina dawa. Yafuatayo yatakusaidia kuvitambua, hasa ukiwa unaanza na lugha ya Python kwenye Windows, macOS au Linux.

Kisanduku kinachopitwa na wengi

Je, wajua kwamba kisakinishi cha kawaida cha Python kwa Windows kimekuwa kikija na kisanduku cha "Add python.exe to PATH" bila tiki? Anayekipita husakinisha Python salama kabisa, kisha akiandika python kwenye dirisha la amri huambiwa kuwa amri hiyo haijulikani. Sababu ni kwamba PATH ni orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu inayoitwa kwa jina. Ni kama mgeni aliyepewa orodha ya nyumba za kubisha hodi: nyumba isiyoandikwa haibishiwi, hata kama mwenyeji yumo ndani. Ukishapita kisanduku hicho, huna haja ya kufuta chochote. Fungua kisakinishi tena, chagua Modify, kisha utie tiki kwenye sehemu ya kuongeza Python kwenye orodha hiyo. Mara nyingi amri fupi ya py nayo hufanya kazi hata PATH ikiwa haijarekebishwa.

Amri inayofungua duka

Tangu toleo la Windows 10 la Mei 2019, ukiandika python kwenye kompyuta isiyo na Python, Windows hukufungulia Microsoft Store. Wengi hudhani kompyuta imeingiliwa na virusi. Si virusi, Microsoft iliweka njia hiyo ya mkato makusudi ili anayeanza aipate Python kwa urahisi.

Kwa nini Mac hutaka "python3"

Python 3.0 ilitoka Desemba 2008, nayo ilivunja mambo kadhaa ya Python 2, hivyo matoleo hayo mawili yaliishi sambamba kwa zaidi ya miaka kumi. Ili yasigongane, jipya likaitwa kwa amri ya python3. Python 2 iliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na Apple ikaiondoa kabisa kwenye macOS 12.3 mwezi Machi 2022. Ndiyo maana amri ya python peke yake haitambuliki kwenye Mac mpya. Ukiandika python3 kwa mara ya kwanza, Mac hukuomba kwanza usakinishe zana za amri za Apple. Kubali, kisha subiri.

Python ya Linux si yako peke yako

Kwenye Ubuntu, zana nyingi za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python. Anayeamua "kusafisha" kompyuta kwa kuiondoa Python 3 anaweza kujikuta ameondoa pamoja nayo eneo zima la kazi lenye madirisha na aikoni. Kwa sababu hiyo, Debian 12 ya mwaka 2023 na matoleo mapya ya Ubuntu huizuia pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, isiguse Python ya mfumo, na ujumbe unaotokea huwa na maneno externally-managed-environment. Usilazimishe. Tengeneza mazingira ya mradi wako kwa amri ya python3 -m venv mazingira, kisha uyaingie kwa source mazingira/bin/activate. Ubuntu ikilalamika, sakinisha kwanza kifurushi cha python3-venv. Kwenye Windows unaingia kwa mazingira\Scripts\activate. Kila mradi ukiwa na mazingira yake, kosa la mradi mmoja halitaharibu mwingine, na ukichoka nao unafuta folda moja tu.

Mkwaju ulioinama upande mwingine

Kwa nini Windows hutenganisha folda kwa \ ilhali Linux na Mac hutumia /? MS-DOS, mfumo uliotangulia Windows, ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na folda ndani ya folda, na mkwaju wa kawaida, yaani /, ulikuwa umeshachukuliwa kwa kazi ya kuongezea amri vigezo. Folda zilipoingia kwenye MS-DOS 2.0 mwaka 1983, ikabidi utumike mkwaju wa nyuma. Uamuzi huo ungali unawasumbua wanafunzi wetu. Ndani ya Python, \n ni alama ya kuanza mstari mpya na \t ni alama ya nafasi pana. Kwa hiyo anayeandika "C:\nyaraka" atapata "C:", mstari mpya, kisha "yaraka". Na "C:\takwimu" itapoteza herufi yake ya kwanza vivyo hivyo. Dawa ni nyepesi: andika "C:/nyaraka". Python kwenye Windows huielewa bila shida.

Ng'ombe anayeangusha programu

Herufi zote za Kiswahili zimo kwenye kibodi yoyote ya kawaida, jambo ambalo waandishi wa lugha nyingi hawalipati. Upo mtego mmoja tu: ritifaa. Ukiandika print('ng'ombe'), Python hudhani maneno yameishia kwenye ng, na inakataa kuendelea. Ukiandika print("ng'ombe"), ng'ombe wako anatokea mzima. Anayejaribu usakinishaji wake kwa sentensi za Kiswahili azoee kutumia alama za nukuu zilizo jozi.

Herufi mbili zisizoonekana

Mashine za zamani za kupokea na kuchapa maandishi kwa waya zilihitaji maagizo mawili kufika mstari mpya: moja la kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, jingine la kusogeza karatasi. Windows ilirithi yote mawili. Linux na Mac za leo hutumia la pili tu. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini faili ya amri iliyoandikwa kwenye Windows inaweza kugoma ikifika Linux na kulalamikia herufi ya ajabu ^M. Notepad yenyewe ilijifunza kusoma mistari ya mtindo wa Linux mwaka 2018. Kihariri kama Visual Studio Code huonyesha CRLF au LF chini kulia mwa dirisha. Bofya hapo, chagua LF, uhifadhi tena.

Hesabu na hesabu

Kwa Linux, Hesabu.py na hesabu.py ni faili mbili tofauti. Kwa Windows na kwa Mac nyingi, ni faili moja. Programu iliyokwenda vizuri kwenye Windows inaweza kuanguka siku inapopelekwa kwenye seva ya Linux kwa sababu ya herufi kubwa moja. Ukitumia herufi ndogo pekee, bila nafasi, katika majina ya faili na folda, utaepuka balaa hilo na mengine mengi.

Kihariri kilichoiombea Uganda

Vim ni kihariri cha maandishi kinachotumiwa dunia nzima. Kilitungwa na Mholanzi Bram Moolenaar, na kilitolewa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, katika eneo lililokuwa limeachiwa yatima wengi na UKIMWI. Aliporudi kwao hakuwasahau. Vim iliendelea kutolewa bure, lakini kila aliyeipenda aliombwa kuwachangia watoto wa Kibaale, na kwa miaka mingi skrini yake ya kwanza imebeba ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Anayesakinisha Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, kwenye Windows bila kubadilisha chaguo hupewa Vim kama kihariri chake, na wengi hushindwa kutoka humo. Bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter.

Kutoka KB 40 hadi mabilioni ya baiti

Mwaka 1983 kampuni ya Borland iliuza Turbo Pascal kwa dola 49.95. Iliunganisha kihariri na kitafsiri cha msimbo mahali pamoja, na faili yake kuu haikufika KB 40. Mtunzi wake, Anders Hejlsberg wa Denmark, baadaye ndiye aliyeongoza kubuni C# na TypeScript. Leo Android Studio, inayotumika kutengeneza programu za simu, inataka RAM isiyopungua GB 8 pamoja na nafasi ya GB nyingine kadhaa kwenye diski. Mwenye kompyuta ndogo asijilaumu wala asikope: kisakinishi cha Python kwa Windows hakifiki MB 40, na kinatosha kabisa kujifunzia misingi.

Linux ndani ya Windows

Huhitaji kufuta Windows ili uonje Linux. Kwenye Windows 11, na kwenye matoleo ya mwisho ya Windows 10, fungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi na uandike wsl --install. Usipochagua kingine, utapata Ubuntu, nayo itaishi pembeni ya faili zako bila kuzigusa.

Bando moja, watu wengi

Si lazima kila mwanafunzi apakue vifurushi vilevile. Mmoja mwenye intaneti anaweza, kwa mfano akitaka kifurushi cha pandas, kuandika pip download pandas ndani ya folda tupu, na vifurushi vyote vinavyohitajika vitaingia humo. Folda hiyo ikipelekwa kwa fleshi, wenzake watasakinisha kwa pip install --no-index --find-links=folda pandas, bila kutumia bando hata kidogo. Sharti ni kwamba mfumo wa kompyuta na toleo la Python vifanane. Kilichopakuliwa kwa Windows mara nyingi hakiifai Linux.

Fleshi inaweza kueneza virusi, kwa hiyo hakiki visakinishi vinavyosafiri kwa mkono. Watengenezaji wengi hutangaza alama ya SHA-256 ya faili yao, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika kabisa hata baiti moja ikiguswa. Linux huikokotoa kwa sha256sum, Mac kwa shasum -a 256, na Windows kwa certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Isipolingana na iliyotangazwa, usisakinishe.

Simu nayo ni kompyuta

Moyo wa Android ni Linux. Programu ya bure iitwayo Termux hufungua dirisha la amri kwenye simu, na humo pkg install python huleta Python kamili. Mistari mirefu itakuchosha vidole, lakini masharti, vitanzi na fomyula utavijifunza vyote.

Zana zote unazohitaji kuanzia, yaani Python, Git, Vim, Visual Studio Code na Ubuntu, zinapatikana bila malipo. Kwa hiyo usakinishaji ukikukwamisha wiki hii, soma ujumbe wa kosa hadi mstari wa mwisho, tambua uko kwenye mfumo gani, na ujaribu tena. Ukishafanikiwa, kaa na mwenzako mmoja umwoneshe hatua zote, kwa kuwa wengi walioacha programu waliachia hapo, na walihitaji mtu mmoja tu wa kuwavusha.