Liemba: manowari ya Wajerumani iliyorudisha Wakongomani kwao

Mwezi wa sita mwaka 1894, Mjerumani mmoja alipanda mlima Nyiragongo, ule ule ambao watu wa Goma wanauona kila asubuhi. Aliitwa Gustav Adolf von Götzen. Alitoka Bahari ya Hindi, akapita Rwanda, akavuka Kongo mpaka Atlantiki. Baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na alipokwisha kufa Wajerumani waliipa meli jina lake. Meli hiyo ingalipo, ila jina si lile tena.

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya makasha 5,000, ikasafiri hadi Dar es Salaam na kutoka huko ikapanda treni mpaka Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 mwezi wa pili 1915, urefu wake metre 71 hivi.

Vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imekwisha kufika kwetu. Mwezi wa nane 1914 Wajerumani walipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie. Mwezi uliofuata wakateka kisiwa cha Idjwi, hapa ziwani Kivu. Graf von Götzen ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, na hakuna chombo Tanganyika kilichoweza kusimama mbele yake.

Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilivutwa juu ya milima ya Mitumba, zikashuka mto Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, kisha treni hadi ziwani. Waliofyeka njia na kujenga madaraja walikuwa wanakijiji wa Katanga. Historia nyingi zinataja maofisa peke yao. Boti hizo ziliteka Kingani tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915, na kuzamisha Hedwig von Wissmann mwezi wa pili uliofuata. Lakini Götzen ilipotokea, kamanda Spicer-Simson alikataa kutoka bandarini.

Haikushindwa na meli yoyote. Wabelgiji walipokaribia Kigoma kwa nchi kavu, Wajerumani wenyewe waliizamisha, tarehe 26 mwezi wa saba 1916. Mafundi walipaka mashini mafuta mazito kwanza, wakitumaini kurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza waliitoa mwaka 1924, wakakuta mashini bado nzima. Mwaka 1927 ilianza kubeba abiria kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hilo upande wa kusini.

Kwa Wakongomani wengi, kazi yake kubwa ilikuwa mwaka 1997. Baada ya Mobutu kuanguka, HCR iliitumia kurudisha wakimbizi waliokuwa Tanzania: zaidi ya watu 75,000 walivuka ziwa kurudi nchini. Mwezi wa tano 2015 ikawa zamu ya Warundi waliojaa kijiji cha Kagunga, mpakani. Meli haikuweza kufika ufukweni, hivyo mama na watoto walipelekwa kwa mitumbwi mpaka ubavuni mwake, watu 600 kila safari ya kwenda Kigoma.

Mwaka 2018 ilisimamishwa Kigoma kwa ajili ya matengenezo.