Stata ya Kombi na nati isiyoonekana

Msomaji, ukimwona mzee wa Tabora kila jioni anahangaika kuegesha gari lake palipo na kamteremko, usidhani anapenda upepo. Stata yake imekufa. Na Tabora yetu, kama unavyoijua, ni tambarare. Miteremko ni ya kuhesabu na kila mmoja una mwenyewe. Ukikosa, basi ni kuita vijana wa kijiweni waje kusukuma, na wakishasukuma wanataka ya soda. Kila asubuhi soda, mwisho wa mwezi umenunua kreti ngapi?

Wiki hii tuongee habari za hili dude linaloitwa stata, hasa kwenye magari ya zamani ambako limebanwa mahali ambapo hata panya akitaka kupita lazima aombe njia.

Mfano ninao nyumbani. Mjomba wangu ana Volkswagen Kombi ya mwaka 1974, ile yenye injini nyuma. Anaitumia kubebea asali kutoka vijiji vya upande wa Urambo, ambako misafara ya zamani ilipita ikielekea Ujiji. Enzi hizo mizigo ilitembea mabegani mwa Wanyamwezi, kila pagazi na kilo zake 30 hivi. Sasa piga hesabu: dumu la lita 20 likijaa asali lina kilo kama 28. Mjomba akipakia madumu ishirini, ujue kapakia mzigo wa mapagazi ishirini. Pagazi akichoka anapumzika, akiamka anaendelea. Kombi ikizima katikati ya miombo, jua linazama, uko peke yako na madumu ishirini nyuma, nani atakusukuma? Hapo ndipo mtu anajua kwamba stata si pambo.

KWA NINI INAFICHWA?

Wapo wanaodhani Wazungu waliibana makusudi ili tuteseke. Wapi! Stata ni mota ya umeme yenye kigia kidogo kwenye ncha. Ukizungusha ufunguo, kigia kinaruka, kinang'ata meno ya flaiwili, injini inazunguka mpaka ishike, halafu kigia kinarudi kwake. Flaiwili inakaa pale injini inapoungana na giaboksi, kwa hiyo stata haina ujanja, lazima ikae hapo hapo. Kwenye Kombi maungio hayo yako chini, mbele ya injini, na stata iko upande wa kulia.

Tena wenye Kombi wasijione wana mkosi peke yao. Ile Land Cruiser ya V8 ya petroli iliyotoka mwaka 1998, stata yake imelazwa katikati ya injini, chini ya manifoldi ya hewa. Kuifikia ni mpaka ufumue vitu vyote vya juu.

Lakini tusiilaumu sana. Mwaka 1912, wakati reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam inaingia Tabora, kule Marekani kampuni ya Cadillac ilikuwa imeanza kuuza magari ya kuwashwa kwa umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Kabla ya hapo ilikuwa ni kuzungusha hendeli mbele ya gari, na hendeli ikirudi nyuma kwa hasira ilivunja mkono wa mtu.

PIMA KWANZA

Mjomba alipokwama, gereji ya kwanza hawakupima kitu. Fundi alisikia "tak!" moja tu, akasema: "Mzee, stata imekufa hiyo. Lete hela tukutafutie nyingine." Bei aliyoitaja ilikuwa madumu kadhaa ya asali. Mjomba akaguna, Kombi ikarudishwa nyumbani kwa kusukumwa.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja wa makamo, mpole, hana haraka. Hakushika spana. Aliniambia: "Bwana mdogo, washa taa kubwa, halafu piga stata."

Jaribio hilo ni la bure. Taa zikizima kabisa ukipiga stata, shika betri na vichwa vyake kwanza. Taa zikibaki kali na kimya kimetawala, umeme haufiki kwenye stata: angalia swichi ya ufunguo na waya. Kwenye Kombi waya huo mwembamba unatoka mbele kwenye usukani mpaka nyuma, safari ndefu, na umeme unapungua njiani. Ndiyo maana Kombi nyingine injini ikipata moto zinagoma, zikipoa zinakubali. Dawa yake ni kufunga rilei tu. Kuna na ule mkanda wa waya wa kusuka unaounganisha giaboksi na bodi. Ukioza, stata mpya itagoma kama ya zamani.

Betri ya mjomba ilisoma volti 12.6 ikiwa imetulia. Vichwa safi, mkanda mzima, umeme unafika. Basi kweli stata ilikuwa na matatizo.

KUITOA SASA

Kwanza alichomoa waya hasi wa betri. Msomaji, hili usilipuuze. Waya mnene unaotoka betri kwenda stata una moto saa zote na hauna fyuzi. Spana ikigusa hapo na bodi, cheche zake utazisimulia mpaka uzeeni. Kisha gia ikawekwa huru, mawe kwenye magurudumu ya mbele, jeki nyuma kulia, gurudumu likatolewa, magogo mawili yakaingia chini. Kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kutafuta kaburi kwa bei rahisi.

Stata hiyo inashikwa na nati mbili tu. Ya chini unaifikia kwa chini bila matata. Ya juu ndiyo shughuli: iko upande wa injini, nyuma ya boksi la feni, na huioni. Namba 17, kazi ya kupapasa. Mimi mwenye mkono mwembamba nikapewa kazi ya juu, fundi yeye chini.

"Umeipata?"

"Nahisi nimeipata, mzee."

"Usihisi. Hesabu pembe zake."

Nikahesabu, sita. Nati hiyo peke yake ilikula saa nzima na nusu. Stata ilitoka kwa dakika tano. Na kumbuka, boliti hiyo ya juu ndiyo pia mojawapo ya zinazoshika injini na giaboksi, kwa hiyo wakati wa kurudisha hakuna kusema "inatosha hivyo hivyo".

Sasa sikiliza. Fundi hakuiangalia stata kwanza. Aliingiza kidole kwenye tundu la giaboksi, akatabasamu. Mle ndani mna kibushi cha shaba kinachoshika ncha ya shafti ya stata. Cha mjomba kilikuwa kimelika mpaka tundu likawa la yai. Shafti ikawa inayumba, amecha inasugua, stata inakula umeme na kuchoka. Gereji ya kwanza wangefunga stata mpya juu ya kibushi hicho hicho, na baada ya muda mjomba angerudi na hela nyingine.

Spea zikaagizwa Kariakoo, Dar es Salaam. Tukangoja. Mjomba alilalamika, nikamwambia avumilie: pale Kwihara Livingstone alikaa kuanzia Februari mpaka Agosti 1872 akingoja watu watoke pwani. Akanijibu kwamba Livingstone hakuwa na asali ya kuuza.

Mzigo ulipofika, fundi alikilowesha kibushi kwenye oili, akakigonga taratibu, stata ikafuata. Ufunguo mara moja tu, injini ikanguruma.

Kwa hiyo, msomaji, fundi akikuambia stata imekufa, muulize imekufa kwa ugonjwa gani, na akuonyeshe maiti. Ukizika bila kujua ugonjwa, hata mgeni utakayemlipia nauli toka Dar atafia kitanda kile kile.