Kitenzi Chenye Maana 645
Mwanariadha anapokimbia, mto unapotiririka, injini inapofanya kazi, hata pua inapotoa kamasi, Mwingereza hutumia kitenzi kimoja: "run". Kugombea urais Marekani ni "run" pia, ingawa huko Uingereza mgombea "husimama".

Peter Gilliver, mhariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, alikishughulikia kwa takriban miezi tisa. Akapata maana 645! Katika toleo la kamusi hiyo la mwaka 1989, kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set".

Mashine zilichangia sana wingi huo wa maana za "run". Saa, treni na baadaye programu za kompyuta zote zilikiongezea matumizi.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiingereza, usikariri tafsiri moja. Tazama kwanza nomino iliyo jirani; ndiyo itakayokuonyesha kama ni kukimbia, kutiririka, kuendesha au kugombea.