Chakula Kinapokwama Kifuani: Kujiandaa kwa Picha ya Bariamu

Maradhi ya umio huanza kwa adabu. Tonge la ugali hukwama kidogo kifuani, mama akashushia maji, maisha yakaendelea. Baada ya wiki kadhaa anaiacha nyama. Kisha wali hauliki bila mchuzi mwingi. Mwishowe anaishi kwa uji, na watu wa nyumbani wanasema amekonda kwa mawazo. Ndugu zetu wa pwani wanaoishi Kitengela na Kajiado, mbali na wazee ambao wangeliona jambo hili mapema, wasilizoee.

Kenya imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika ambamo saratani ya umio huonekana kwa wingi, tangu Ethiopia hadi Afrika Kusini. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani hiyo. Chai ya maziwa ya bara hunywewa ikitoa moshi, na kahawa yetu ya dele haiko nyuma. Hata hivyo, si kila kukwama ni saratani. Huenda ikawa kovu la asidi ya tumbo, au misuli iliyokataa kulegea.

Ili kutofautisha, daktari huweza kuagiza picha ya bariamu. Mgonjwa hunywa maji meupe mazito kama uji, yenye ladha ya chaki, huku eksirei ikionyesha kinywaji kinavyoshuka. Atasimama, atalala, atageuzwa ubavu. Aghalabu kazi haizidi nusu saa. Si kila hospitali yenye eksirei ina mashine ya picha zinazotembea, kwa hiyo ulizia kwa simu kabla ya kupanda matatu kutoka Kitengela kwenda Kajiado mjini au Nairobi.

Je, ni salama? Chumvi nyingine za bariamu ni sumu kali, ila salfeti yake haiyeyuki, hivyo hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Mwaka 2003 watu walifariki nchini Brazil kwa kunywa dawa ya aina hii iliyochanganyika na kabonati ya bariamu. Ndiyo sababu dawa hii hupokewa hospitalini tu, kutoka katika pakiti yake. Mionzi yake ni ya kiasi, na faida huishinda pale ambapo dalili zipo.

Tangu saa sita za usiku usile wala usinywe, hata maji, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu dozi yake, kwani insulini bila chakula ni hatari, na aombe miadi ya mwanzo wa asubuhi. Anayepaliwa anapokunywa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mwenye shaka kwamba umio au tumbo limetoboka, aseme kabla ya kikombe kumfika mdomoni; huenda akapewa dawa nyingine.

Nasi wanawake tuna letu. Mimba, au hata shaka ya mimba, lazima itajwe. Bi harusi aliyesindikizwa na mama mkwe huona haya kulisema mbele yake, basi na aombe kuzungumza faraghani na mpiga picha. Anayenyonyesha aendelee, maana bariamu haiingii katika maziwa. Vidani, pini za mtandio na sidiria yenye vyuma viachwe nyumbani. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, liombe siku ya kuweka miadi, si mlangoni, wakati zamu zimekwisha kupangwa.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Kinywaji hiki hufungulisha saumu. Iwapo daktari ameona kwamba kipimo kinaweza kusubiri, kiwekwe baada ya Idi. Lakini ambaye uzito unamshuka na hata maji yanamkataa asingoje mwezi uandame. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kuilipa siku hiyo baadaye. Mwenye wasiwasi amwendee imamu wa msikiti wake akiwa na maneno ya daktari mkononi.

Baada ya picha, choo kitakuwa cheupe kwa siku chache; usishtuke. Kunywa maji kwa wingi, kwani bariamu hufunga choo. Siku mbili zikipita bila choo, au tumbo likiuma sana, rudi hospitali. Picha na maelezo yake uyachukue na kumpelekea daktari aliyekutuma. Pakionekana pembamba katika umio, utahitaji kamera na kipande kidogo cha nyama kupelekwa maabara, maana picha huonyesha mahali palipobana, haielezi ni nini kilichopabana. Uliza siku hiyohiyo kamera hiyo inapatikana wapi na kwa gharama gani.